Sura Yangu Kwenye Pakiti ya Sembe

Naitwa Eufrasia. Baba yangu alikuwa Alfonsi Ngonyani, mkulima wa mahindi na mtu wa maneno machache. Mama yangu alikuwa Skolastika Mapunda, na maneno yote ambayo baba hakuyasema aliyasema yeye. Nilizaliwa Maposeni, katika nyumba ambayo ghala lake lilikuwa kubwa kuliko chumba cha kulala, na kwa hilo mtajua wazazi wangu waliheshimu nini. Shule niliiona kwa nje. Nilipita na kapu kichwani, nikasikia watoto wakiimba herufi, nikaona wimbo wenyewe hauna utamu, nikaendelea na safari. Ukweli ni kwamba hakuna aliyenikaribisha ndani. Lakini katika uzee huu mtaniruhusu kusimulia kwamba ni mimi niliyekataa.

Anayeandika ni mjukuu wangu Devota, aliyesoma mpaka chuo na kupewa cheti chenye muhuri unaong'aa. Nimemwagiza aandike kila neno kama nilivyolitamka, hata yale yatakayomchoma. Yapo, yanakuja. Devota, acha kuguna, andika.

Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa mpimaji wa nafaka hapa Songea. Ninyi mliozaliwa na mizani ya betri hamjui kazi hiyo. Muuzaji na mnunuzi walipokuwa hawaaminiani, na sijawahi kuona wanaoaminiana, waliniita mimi. Nilikaa katikati yao na debe langu, nikamimina mahindi, nikapitisha kijiti juu ya mdomo wa debe ili kilichozidi kianguke, nikahesabu kwa sauti. Hilo ndilo debe la mfuto: halina kilima juu wala shimo katikati. Kijiti changu ni cha mninga, kimenyooka kuliko watu wengi niliowapimia.

Wizi wa vipimo nimeuona wa kila namna. Kuna waliobonyeza kitako cha debe kwa nyundo kikaingia ndani, wakasema limeanguka. Wengine walimimina mahindi polepole kama wanamlaza mtoto, ili yasishikane na debe lijae hewa. Hao wakinunua, walilipiga debe teke mpaka mahindi yakae chini yaombe radhi. Maharage yalinyunyiziwa maji alfajiri yapate uzito. Na palikuwa na mama mmoja muuza karanga, Mungu amsamehe, aliyepima huku kidole chake kimo ndani ya kisado. Nilimwambia: "Mama, kama unauza na kidole, kikate umfungie mteja." Hakunisalimia mpaka Pasaka.

Nayasema haya kwa sababu watu wa simu nao wanapima, ila debe lao limeandikwa kwa maneno, nanyi mnalipokea bila kulichungulia kitako.

Kabla sijafika huko, niwaeleze kosa langu mwenyewe, msije mkadhani ninahubiri kutoka mahali safi.

Nilikuwa bado kijana. Wanawake wa Mpitimbi walinichagua niwasemee mbele ya mnunuzi wa mahindi aliyetoka mbali na lori. Yule bwana alitoa karatasi, akauliza kwa upole, "Unajua kusoma, mama?" Wanawake wote walikuwa wananitazama. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Niliichukua karatasi, nikafuata mistari kwa kidole, nikatikisa kichwa mahali nilipodhani panafaa kutikisiwa kichwa, kisha nikachovya dole gumba kwenye wino nikaligandamiza. Ile karatasi ilisema kwamba kila gunia litajazwa lumbesa, yaani lishonewe kofia ya wavu juu na kujazwa hata kofia yenyewe. Msimu mzima wanawake wale walitoa gunia lenye kichwa kwa malipo ya gunia lisilo na kichwa, kwa sababu ya haya yangu. Mmoja wao, Matilda, hakunitukana hata siku moja. Alinisalimia tu kila tulipokutana, kwa adabu kubwa mno. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda kulia kwa mwalimu wangu wa kazi, Mzee Athumani, Myao aliyekuja kutoka upande wa Tunduru, ambaye ndiye aliyenichongea kile kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu, akasema:

"Binti, hicho kidole chako kina njaa? Kila karatasi kinalamba?"

"Niliona aibu, mzee."

"Aibu ni kuuliza au ni kuibiwa? Inshallah utanisikia mara moja tu. Karatasi usiyoweza kuisoma, isomewe mbele yako kwa sauti, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Kisha mwite mtu wa pili asiyemjua yule wa kwanza, naye aisome yote upya. Mmoja anaweza kukudanganya. Wawili wasiojuana hawawezi kusema uongo uleule."

Tangu siku hiyo dole langu halijagusa karatasi isiyosomwa mara mbili. Ukoo mzima umenilalamikia. Padri alingoja. Karani wa ardhi alingoja, akaenda kula, akarudi, akangoja tena. Nimesomewa hati ya kiwanja, fomu ya hospitali, katiba ya chama cha kuzikana, na maelezo ya dawa ya mende. Ndiyo maana ninathubutu kuwaambia wasomi kwamba katika mtaa wetu wa Mfaranyaki, mtu aliyesoma mikataba mingi kuliko wote ni bibi asiyejua herufi. Ninyi mnaojua kusoma hamsomi, mnabofya.

Sasa nafika kwa Devota.

Siku moja alinikuta uani nikiwafundisha wajukuu wadogo kufuta debe. Akanipiga picha ya kutembea kwa simu yake. Nilikuwa nimevaa kilemba changu cha njano, nikasema maneno niliyoyasema maisha yangu yote: "Debe langu halina kilima wala shimo." Nilimuuliza ni ya nini. Akasema, "Ya kumbukumbu tu, Bibi." Kumbe alikuwa amejiandikisha kwenye soko la simuni la kampuni moja, sitaitaja jina, ili auze maharage yetu. Akaitia picha ile huko iwavute wateja. Maharage yaliuzwa, tukafurahi, yakaisha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja jirani yangu Mama Tulo, ambaye huniita kwa jina la binti yangu Koleta, alinijia akicheka, mkono mmoja ameuficha nyuma.

"Shikamoo, Mama Koleta. Hukutuambia kama umefungua kiwanda."

"Marahaba. Kiwanda gani? Umelewa saa hizi?"

"Mimi sijalewa. Ila kama si kiwanda chako, basi umeibiwa kichwa."

Akaleta mbele pakiti ya sembe. Juu yake nilikuwapo mimi, na kilemba changu cha njano, na kijiti mkononi, ninacheka kwa meno yote ambayo tangu picha ile yamepungua mawili. Chini ya kidevu changu, Mama Tulo alinisomea, paliandikwa: *Kipimo cha Bibi. Hakina kilima wala shimo.* Ile kampuni iliyouza maharage yetu ilikuwa sasa inasaga unga, nami ndiye niliyekuwa bendera yake.

Nakiri kwenu kosa jingine: kwa muda mfupi nilijipenda. Kisha mkono wangu ukaniamsha. Mkono uliobeba nafaka miaka yote hiyo hauhitaji miwani. Pakiti ilisema kilo mbili. Nikaipima kwenye mizani ya kuning'iniza ya duka la jirani: haikufika. Nikapima nyingine tano, nazo hazikufika. Zote zilikuwa na shimo, na juu ya kila shimo nilikuwa nimesimama mimi, nacheka.

Nieleweni vizuri hapa. Sikuwa na shamba kubwa, wala mume wa cheo, wala cheti. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokijenga kwa mikono hii: mtu wa Songea akisikia Eufrasia amepima, haombi kupimiwa tena. Sasa wanawake niliowapimia tangu ujana walikuwa wananitazama kanisani. Mmoja wa kwaya aliniambia baada ya misa, "Mama Koleta, uzee una mambo. Hata wewe?" Na siku ile ile nilikutana na Matilda wa Mpitimbi, aliyekuja kumwona mwanawe mjini. Amezeeka kama mimi. Alikuwa na pakiti ile kwenye kikapu. Alinisalimia kwa adabu kubwa mno.

Nilirudi nyumbani nikamwita Devota.

"Nani aliwapa sura yangu?"

"Bibi, mimi sikuwapa. Nilibofya tu."

"Ulibofya nini?"

"Pale chini. Pameandikwa 'Nakubali'. Kila mtu anabofya. Usipobofya haifunguki."

"Na juu ya hapo 'Nakubali' paliandikwa nini?"

Hakujua. Miaka yote ya ada, na hakujua.

Nikamwambia twende steshenari, hayo maneno yatolewe kwenye karatasi niyaone unene wake. Yakatoka kurasa kumi na tisa. Tukakaa kwenye benchi nje ya duka, Devota akaanza kunisomea. Nilisikia mambo ambayo hata yule bwana wa lori angeona haya kuyaandika. Walisema wanaweza kubadilisha masharti wakati wowote bila kumwambia mtu, na ukiendelea kutumia soko lao umekubali mabadiliko usiyoyajua. Hilo ni debe linalopanuka baada ya wewe kumaliza kumimina. Walisema unga ukiwa mbovu, kosa si lao. Ukiwa mzuri, sifa ni zao. Walisema mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo nimeyaona, au tuseme nimesomewa, kwenye kuta za maduka ya mji huu kwa miaka mingi, nami huwauliza wenye duka swali moja: noti yangu ikiwa bandia, mbona mnairudisha mbio?

Devota akamaliza. Nikamwambia asikae mbali. Nikamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria, kijana ambaye hamjui Devota wala Devota hamjui.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Yusufu, bibi. Shikamoo. Tunaelekea wapi?"

"Marahaba. Hatuelekei popote. Nitakulipa kama vile umenipeleka Maposeni na kunirudisha, lakini utakaa hapa unisomee."

Akacheka, akavua helmeti, akasoma. Alisoma vizuri, na kila baada ya mistari michache alitoa maoni yake bure. "Haa, bibi, hawa watu! Hapa wanasema sura ni yao milele. Yaani hata ukifa, marehemu anaendelea na kazi." Akafika ukurasa wa kumi na mbili, akasoma: "Mtumiaji anathibitisha kwamba kila mtu anayeonekana katika picha ametoa ridhaa yake, na mtumiaji atawajibika peke yake iwapo si kweli."

Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia. Maneno hayo sikuwa nimeyasikia katika kusoma kwa kwanza. Nikamgeukia Devota. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Uliruka."

"Bibi..."

"Niliyemlea, niliyemlipia shule, ameniruka mimi kwenye karatasi."

"Niliogopa, Bibi. Wameweka kosa lote kwangu."

Yusufu akavaa helmeti yake taratibu, kama mtu aliyeingia msibani bila kujua.

Vijana, sikumpiga, umri umenipita, na mkono mzuri una kazi nyingine. Nilichokiona kilinitisha kuliko pakiti yenyewe. Msichana huyu alikuwa na haya ileile niliyokuwa nayo Mpitimbi. Mimi niliona aibu kusema sijui kusoma. Yeye, msomi, aliona aibu kusema hakusoma. Kampuni ile ilijua kwamba haya hiyo ipo, ikaiwekea ukurasa wake.

Tulikwenda kwa mwanasheria mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu, anayewasaidia watu bila kuwatoza. Aliniamkia, akanipa kiti, naye akasoma zote kumi na tisa, kwa hiyo ikawa mara ya tatu. Alisema nchi hii ina sheria ya kumlinda mlaji, na kwamba sharti la uonevu haligeuki kuwa haki kwa sababu tu limeandikwa na mtu akabofya, hasa pale upande mmoja ulipoandika kila kitu na mwingine hakuachiwa nafasi ya kusema hata neno. Alisema muuzaji hawezi kujivua wajibu wa kuuza kitu kinacholingana na maelezo yake kwa kubandika tangazo ukutani au simuni. Alisema sura yangu ni yangu, na ridhaa yangu haitolewi na mtu mwingine, hata awe mjukuu. Na kuhusu uzito, akasema hakuna mkataba duniani unaoruhusu kilo mbili zisizofika kilo mbili.

"Ila, bibi," akaongeza, "watamtupia mjukuu wako lawama. Uko tayari?"

Nikamwambia mjukuu wangu ana mabega.

Wakala wa kampuni alikuwa na duka la jumla hapa mjini, kijana wa tai. Niliingia mchana, duka limejaa, nikiwa na Devota nyuma yangu, barua ya mwanasheria, kijiti changu, na mizani ya kuazima. Nilikuwa nimepita pia kwa watu wa serikali wanaokagua vipimo, nao wakamtuma ofisa wao, akasimama mlangoni. Nikaomba pakiti kumi, nikazining'iniza moja moja, nikatangaza kila uzito kwa sauti ileile niliyopimia miaka arobaini. Watu wakaacha kununua.

Yule wa tai akasema, "Bibi, tuongee ofisini. Mjukuu wako ndiye aliyethibitisha. Ukitushitaki, unamshitaki yeye."

Nikamjibu mbele ya wote: "Mjukuu wangu alisema uongo kwa kidole. Ni kweli. Ni huyu hapa, mtazameni. Shauri lake nitalimaliza nyumbani kwangu. Sasa nionyeshe ukurasa ambao yeye alibofya kwamba unga upungue."

Akapekua simu. Akapekua tena. Kina mama wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Tafuta, baba, tafuta, labda uko chini ya kidevu cha bibi."

Ofisa wa vipimo akaingia, akafunga mauzo ya pakiti zile siku hiyohiyo. Wiki zilizofuata zikaondolewa kwenye maduka, hapa na kwingine.

Kisha akaja mkubwa wa kampuni mwenyewe, kutoka jijini, na gari safi na maneno laini. Walitaka tuelewane. Pakiti mpya, uzito kamili, sura yangu kwa ridhaa yangu, na mkataba mpya mkononi. "Bibi weka dole hapa tu."

Nikamwambia, "Nisomee."

"Nitakueleza kwa ufupi."

"Mimi sijawahi kupima kwa ufupi. Nisomee."

Akakaa kwenye kigoda, na suti yake, akasoma. Ukurasa wa tatu akaomba maji. Ukurasa wa tano akalegeza tai. Kila neno nisilolijua nilimsimamisha, akaeleza. Ukurasa wa saba akasoma sentensi moja ndefu, akaisoma tena.

"Hii inamaanisha nini?" nikauliza.

"Kusema kweli, bibi, hata mimi sijui."

"Wewe ndiye mwenye mkataba."

"Waliuandika wanasheria. Mimi ... mimi huwa sifiki huku."

Nilimshukuru kwa ukweli huo, nikampa viazi, nikamwagiza awasalimie watu wa kwake. Dole sikuweka. Sura yangu ilirudi nyumbani.

Mwezi uliopita Matilda alipita Mfaranyaki. Sikumngoja anisalimie. Nilimweleza habari za pakiti, kisha nikamweleza na ile karatasi ya Mpitimbi, kwamba nilitikisa kichwa tu bila kujua. Akasema, "Tulijua, Eufrasia. Ulitikisa kichwa mahali ambapo hapakuwa na neno." Akacheka mpaka akashika mbavu, akanitukana tusi moja la Kingoni ambalo Devota hataliandika. Nilikuwa nimelingoja tangu ujana.

Sasa, Devota, sikiliza vitu vya kutunza. Kijiti cha mninga ni chako. Usikitumie kuchochea moto. Debe mpe shangazi yako Koleta, lakini ukaangalie kitako chake mara moja kwa mwaka. Pakiti tupu usiitupe, iweke ukutani, upande wa sura, ili kila anayeingia akuulize nawe ulazimike kueleza. Karatasi kumi na tisa zifunge kwa uzi, na ukurasa wa kumi na mbili uwe juu. Simu yako sikunyang'anyi. Lakini nikiwa hai, hakuna mtu wa nyumba hii atakayebofya "Nakubali" kabla hujawasomea wote kwa sauti, na uji ukipoa upoe.

Na haya niliyosema leo nayo ni karatasi. Kwa hiyo rudi mwanzo, pale kwa baba yangu Alfonsi, unisomee yote mpaka hapa. Usiruke. Ukimaliza, fungua mlango: Yusufu wa bodaboda yuko nje, nimemwita, naye atasoma mara ya pili. Hapo ndipo utaniletea wino.